Za Juu Haziguswi

Jumatatu ile Dada Gundi aliingia kazini kichwani ana mambo mawili tu: friza na chai. Friza ikatangulia. Pale kwao, kwenye jengo la kuhifadhi mimea mikavu, furushi linalotoka porini halifunguliwi hivihivi. Linatiwa kwenye mfuko wa plastiki, linafungwa, linalazwa kwenye friza wiki nzima, ili mdudu yeyote aliyejificha kwenye majani afe kwa baridi kabla hajaingia makabatini akatafuna kazi ya watu ya miaka sabini. Wageni hufungua ile friza wakitegemea soda, wanakutana na majani ya mlimani yamejipanga kama samaki.

Hilo jina la Gundi alipewa na mwenzake wa makabati, kwa sababu miaka kumi na sita hajawahi kurudi nyumbani na vidole visafi. Kazi yake ni kubandika. Anachukua tawi lililokaushwa, analilaza kwenye karatasi ngumu, analigeuza mpaka likae vizuri, anapaka gundi nyembamba, anaweka vifuko vya mchanga juu yake lisiinuke. Kijiti kikiwa kinene anakishona kwa sindano na uzi. Pembeni kwa chini anabandika lebo: mti gani, mlima gani, nani kachuma, lini. Mstari wa mwisho wa lebo ni jina la wenyeji. Yote hayo anayafanya kwa mkono wa kushoto, na kwa kasi, mpaka ukimwangalia sana unaona kizunguzungu.

"Haya, Buti katuletea nini safari hii?" aliuliza yule mwenzake. Yeye anaitwa Kabati, na ukimwona huulizi kwa nini. Ni mtu wa milango miwili.

Buti ndiye mkusanyaji wao. Kazi yake kupanda milima na kuchuma, na mwaka mzima ofisini wanamwona labda mara tatu, kila mara na buti jipya na kidonda kilekile cha kisigino.

"Majani," alisema Dada Gundi. "Ulitaka alete kuku?"

"Siku moja ataleta. Wewe subiri."

Furushi lilikuwa limemaliza wiki yake ya baridi, Dada Gundi akafungua magazeti yaliyobana majani, moja baada ya jingine. Namba mia nne na moja, nyasi. Mia nne na mbili, nyasi tena, Buti naye! Alipofika mia nne na saba akatabasamu, maana huu mti alikuwa anaujua kama anavyoujua mlango wa kwao. Mti wa mlimani, majani madogo magumu yanayong'aa, na vitunda vyekundu vimeshikana kama shanga. Makabatini walikuwa nao mara kumi na moja, kila mara na jina jingine. Upande wa mlima unaopata mvua wanauita mshanga. Upande mkavu, wachoma mkaa wanauita mkataa-shoka, kwa jinsi ulivyo mgumu. Wenye mashamba wanauita mlishashore, kwa sababu ndege hao wakiuvamia hakuna anayelala. Kuna mahali watoto wanasema shanga za bibi, basi. Jina la kitaalamu lipo pia, refu kama treni, na hakuna mtu mlimani aliyewahi kulitamka.

Akachovya brashi kwenye gundi. Akavuta karatasi ya maelezo ya Buti aone safari hii wameuitaje.

Jina la wenyeji: ngojababa.

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu. Gundi ikawa inadondoka mezani, tone, tone, na Dada Gundi hana habari.

"We Dada, unabandika meza?" alisema Kabati.

 Kabati akachukua kitambaa, akaifuta mwenyewe.

*

Sasa hapo lazima ujue kitu. Hilo jina halikuwa la wenyeji wa mlima wowote. Lilikuwa jina la nyumba moja, yenye watu wanne, na wawili kati ya hao wameshazikwa.

Baba yao alikuwa dereva wa mashine za kuchimba barabara, mbali huko, na nyumbani alikuja mara moja tu kwa mwaka. Likizo yake ilikuwa inaangukia wakati ule mti wa mbele ya dirisha unaiva. Basi watoto wakimsumbua mama yao, Baba anakuja lini, Baba anakuja lini, Mama alikuwa anaonyesha mti. "Muulizeni huyo. Ndiye anayemngoja." Ndiyo ukaitwa ngojababa. Hapo mtaani kila mtu aliuita mshanga, na watoto wawili wale wakisema ngojababa mbele za watu walikuwa wanachekwa. Wakajifunza kulisema ndani tu.

Na ulikuwa na sheria yake. Shanga za chini ni zenu, alisema Mama, kuleni mpaka midomo iwe myekundu, mkiumwa matumbo msinililie. Za juu haziguswi. Za juu ni za Baba. Mdogo wake Dada Gundi, waliyemwita Kima kwa sababu alishinda mtini kuliko ndani ya nyumba, ndiye alikuwa anapanda mpaka kileleni. Hachumi. Anaangalia barabara. Dada yake anasimama chini na kupiga kelele:

"Kima! Unaona mtu?"

"Bado!"

Mpaka siku moja anajibu kingine, anashuka kwa kuteleza, kaptula inachanika, na wote wawili wanakimbia.

Mwaka mmoja Baba hakuja. Likaja sanduku lake la bati, na mtu mwenye barua. Mama alisoma, akakunja, akaenda kupika. Lakini vitunda vya juu alikataza visichumwe hata mwaka ule, na hata miaka iliyofuata. Viliachwa mpaka vikawa vyeusi.

Yaliyowatenganisha ndugu hawa ni mti huohuo. Mama aliugua Kima akiwa safarini, kaenda kufanya kibarua cha wiki sita. Chumba cha Mama kilikuwa na giza, ule mti umeshakuwa mkubwa, umeziba dirisha lote. Siku moja Mama akasema, "Mwanangu, ningependa kuuona mlima." Ni hilo tu alilosema. Dada Gundi, wakati huo ana miaka ishirini na mitano na hajalala siku nne, akaazima shoka. Alikata siku moja na nusu, mikono ikatoka malengelenge. Mama akauona mlima siku kumi na moja, akafa.

Kima akafika mazishi yameshapita. Akasimama mbele ya kisiki.

"Mama aliomba mti ukatwe?"

"Aliomba kuuona mlima."

"Si ungepunguza matawi tu," alisema Kima.

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomuuma dada yake, kwamba hakupiga kelele hata kidogo. Alikwenda kwenye kile kilele kilichoanguka, akaketi chini, akachuma vile vitunda vikavu vyeusi vya juu, kimoja kimoja, akavitia kwenye bahasha aliyokunja kwa gazeti. Kesho yake asubuhi hayupo. Miaka kumi na tisa. Dada Gundi aliuliza madereva wa malori, alitangaza redioni mara mbili, alituma barua kwa kila mtu aliyesemekana kamwona. Zilirudi. Yeye mwenyewe alikuja kutafuta kazi kwenye lile jengo la mimea mikavu, na watu walipomuuliza kwa nini alisema anapenda utulivu.

Uongo. Kila furushi likifunguliwa, jicho lake lilikuwa linakwenda kwanza mstari wa mwisho.

*

Ndani ya gazeti la namba mia nne na saba kulikuwa na bahasha ndogo ya vitunda vilivyodondoka. Bahasha kama hizo Buti anazinunua dukani, nyeupe, za gundi. Hii haikuwa ya dukani. Ilikuwa kipande cha gazeti kimekunjwa pembe tatu, ulimi umeingizwa ndani, ukakunjwa, ukaingizwa tena. Mama alikuwa anahifadhi mbegu za mchicha hivyo. Hata ukitupa kwenye kisima haifunguki, alikuwa anasema.

Dada Gundi aliishika kwa vidole viwili. Akaona hawezi kuifungua. Akaiweka chini.

"Hiyo ngojababa," sauti ilisema mgongoni kwake, "imetoka wapi?"

Huyo ni Mama Lebo, mkuu wao. Mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kwa kamba ya kiatu, na hakuna lebo inayoingia kabatini bila yeye kuipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Tena wiki hiyo alikuwa moto, maana kijitabu chao cha miti ya milimani na majina yake kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa.

"Ni jina jipya, Mama," alisema Dada Gundi.

"Jipya naliona. Nyumba ngapi?"

Hiyo ndiyo sheria ya Mama Lebo, kaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni: jina lililosikika nyumba moja si jina. Ni utani wa watu na familia yao. Liende nyumba nyingine tatu, zisizo ndugu, ndipo liingie kitabuni.

"Buti hakuandika."

"Buti haandiki, Buti anatembea. Mpigie. Kama ni nyumba moja, nalifuta." Akageuka, kisha akarudi. "Na maana yake. Hapa kaandika 'maana haijulikani'. Jina zuri hivi linakosaje maana?"

Dada Gundi alifungua mdomo. Maana ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini akisema, atakuwa amesema jina ni la nyumba moja, nyumba yao, na kalamu nyekundu itapita juu yake. Na akinyamaza, atakuwa anamdanganya mtu ambaye hajawahi kumdanganya. 

"Nitampigia, Mama," alisema.

*

Alipiga mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Dada Gundi! Sema haraka, nimesimama juu ya jiwe, nikigeuka tu mtandao unakata!"

"Namba mia nne na saba. Ule wa shanga. Jina ulipewa na nani?"

"Ngoja nitoe daftari... Eeh. Jamaa mmoja wa miche. Ana kitalu kando ya tangi la maji. Mtu wa watu lakini maneno yake ya kuhesabu. Nikamuuliza, mzee, huu mnauitaje? Akasema ngojababa. Nikamuuliza, nani wengine wanauita hivyo? Akacheka. Akasema, kwetu wote wanauita hivyo."

Dada Gundi aliegemea ukuta. Kwetu wote. Wote wanne.

"Kwao wapi?"

"Hakusema. Hata jina lake alinikatalia. Akaniambia, we andika mti, mimi niache. Ila usiwe na wasiwasi na yule bibi wa rula, nilizunguka mwenyewe. Nyumba tisa, shule, na mama mmoja wa cherehani. Wote ngojababa, ngojababa. Huku hilo jina jingine la mshanga ukilisema wanakushangaa."

"Miti wameitoa wapi?"

"Si kwake? Yeye kaiotesha yote. Mteremko mzima, Dada, ungeuona! Anagawa miche kama mtu anayegawa karanga."

"Bado uko huko?"

"Mpaka Alhamisi. Kisigino changu hakitaki kushuka."

Dada Gundi alitaka kusema mambo kumi. Mwambie nipo. Mwambie nilimtafuta. Mwambie mikono ilitoka malengelenge. Lakini mtu aliyesema "mimi niache" umtumieje maneno hayo kwa Buti, juu ya jiwe? Akasema kitu pekee ambacho mtu wa lebo anaweza kuuliza.

"Rudi ukamuulize maana ya jina."

"Nilishamuuliza, akasema ni jina tu."

"Muulize tena. Mwambie ofisini wanataka kujua."

"Haya bwana. Kupanda kule ni saa mbili, lakini haya. Soda mbili hizo unanidai... aah, nakudai mimi!" Akageuka kwenye jiwe lake, simu ikakata.

*

Jumatatu ileile alimpelekea Mama Lebo zile nyumba tisa za Buti, basi, hakuongeza neno. Jumanne akabandika. Jumatano akabandika. Namba mia nne na saba aliiacha pembeni chini ya vifuko vya mchanga, na vile haikuwa na gundi bado, Kabati aliona kichekesho.

"Unaikandamiza nini, isiruke?"

"Ndiyo."

"Dada." Kabati alivuta kiti, kiti kikalalamika. "Mimi na wewe tumekunywa chai pamoja miaka kumi na sita. Kuna mtu huko mlimani?"

Akamwambia. Yote, mpaka shoka. Kabati alisikiliza, ule mwili wake wote umetulia, na mwisho akasema jambo la Kikabati kabisa.

"Sasa wewe unaogopa nini, hakupendi au anakupenda?"

"Naogopa ataulizwa maana, atajua ni mimi, atasema hajui."

"Eeh," alisema Kabati. Akafikiri. "Hiyo ni mbaya." Akaenda kumletea chai nyingine, ya sukari nyingi, kwa sababu ndicho alichoweza.

Alhamisi saa tano na nusu simu ikaita. Dada Gundi aliipokea na brashi mkononi.

"Huyu mtu wako ana mambo," alisema Buti, anahema. "Nimemkuta anajaza udongo kwenye vifuko. Nikamwambia, ofisini wanataka maana. Akajaza vifuko vitatu vizima kwanza. Kisha akauliza, nani anataka? Nikasema, dada mmoja, yeye ndiye anayebandika. Unajua akauliza nini? Eti, huyo dada anashika brashi mkono gani!"

Dada Gundi aliiangalia brashi.

"Ukasemaje?"

"Nikasema kushoto. Akainuka. Akachukua debe, akaanza kumwagilia. Kamwagilia miche yote, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na mvua ilinyesha jana, Dada, miche inaogelea! Mimi nimekaa nangoja kama mjinga. Mwisho akarudi akaniambia, maana anaijua mwenyewe, asiulize watu."

 Basi. Ndiyo hivyo. Dada Gundi alikuwa anaishusha simu wakati Buti alipoendelea.

"Halafu nimeshaondoka, nimefika kwenye tangi, akaniita. Akasema, mwambie za chini zimeisha. Za juu bado hazijaguswa. Ila ndege wameanza."

"Rudia."

"Za chini zimeisha, za juu hazijaguswa, ndege wameanza. Hiyo niandike wapi kwenye lebo? Halo? Dada Gundi?"

Alikuwa amekaa sakafuni. Kabati alikuja mbio, akidhani kaanguka, akamkuta anacheka na machozi yanamtiririka, na gundi imemgandishia brashi kwenye nywele.

*

Akaenda kwa Mama Lebo hivyohivyo, na brashi.

"Mama, lile jina ni la kwetu. Alilitunga mama yangu. Mtu wa miche ni mdogo wangu. Nyumba zote tisa zimelipata kwake pamoja na mche."

Mama Lebo alivaa miwani. Akaiangalia ile brashi.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikalipanga ukurasa wa ishirini na tatu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Kabati mlangoni akakohoa. "Lakini mkuu, nyumba tisa ni tisa. Na shule. Watoto wote wale wanalisema, leo hii ni jina lao."

"Wewe umekuwa wakili lini?" Mama Lebo alivuta kurasa za kijitabu, akazipitia kwa rula muda mrefu. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kulifuta. Mstari mmoja, umenyooka. Dada Gundi aliuona mstari ule kama umepita kifuani kwake.

"Kitabuni linatoka," alisema Mama Lebo. "Nyumba tisa zilizofundishwa na mtu mmoja bado ni nyumba moja. Sheria ni sheria, hata kwa mtu wangu. Kwako hasa. Baada ya miaka, huyo mdogo wako akiwa hayupo, na watu bado wanaliita, tutaliandika. Karatasini linabaki, karatasi inaandika kilichosikika." Akavua miwani. "Hii mia nne na saba haina ganda la mti. Buti kasahau. Kila siku anasahau ganda."

"Nitamwambia."

"Nimekwambia umwambie? Buti anashuka leo na kisigino. Mtu mwingine aende akalete ganda. Siku nne. Na sehemu ya maana utaijaza ukirudi." Dada Gundi akiwa mlangoni, akaongeza, "Hizo nywele lowanisha na maji moto, usivute."

*

Lori la saruji lilimshusha Jumamosi karibu na adhuhuri, kando ya tangi la maji. Akasimama barabarani, mkoba mmoja, na kisu cha kutolea ganda ndani yake.

Alikuwa amejiandaa kuona mti mmoja. Aliona mteremko mzima. Kwenye ua wa shule, nyuma ya vyoo, kando ya kila mlango, miti ileile, majani yanang'aa. Na yote sawasawa: chini hakuna hata kitunda kimoja, vijiti vitupu. Juu nyekundu. Paa baada ya paa, na juu ya kila paa kofia nyekundu.

Binti mmoja wa miaka minane hivi alikaa kwenye ukuta, mdomo umekolea wekundu mpaka kidevuni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hizo za juu hamjachuma?"

Binti alimwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini nyumba ina mlango.

"Za juu haziguswi."

"Nani kasema?"

"Haziguswi tu. Ni za mtu anayekuja."

"Mtu gani?"

Binti akainua mabega. "Hajafika."

Kitalu kilikuwa nyuma ya tangi. Mwanaume aliyekuwa ameinama kwenye miche alikuwa na mvi nyingi kuliko zake yeye, na hilo lilimshtua, maana miaka yote alikuwa anamtafuta kijana. Akainuka polepole, mkono kiunoni. Hakumwangalia usoni kwanza. Aliangalia mkono wake wa kushoto, vidole vyake vya gundi.

Dada Gundi alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo miaka kumi na tisa, kaipunguza, kaiongeza, kaifanyia mazoezi hata ndani ya lile lori. Yote ikapotea, likabaki neno moja.

"Ningepunguza matawi," alisema. "Ningepunguza matawi tu, Kima."

Kima akaweka debe chini.

"Mama aliuona mlima?"

"Siku kumi na moja. Mara moja aliona theluji, akanibishia kwamba ni wingu."

Kima akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu akaona imekubali. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akaonyesha mti mkubwa kuliko yote, uliosimama mbele ya dirisha lake, mbali kidogo na dirisha, amepaacha pa kupita mwanga.

"Panda."

"Mimi? Na umri huu?"

"Panda, Dada. Goti langu lilishakufa. Hao ndege nimewafukuza tangu juzi, nimechoka, naonekana mwehu mbele ya majirani."

Akavua viatu. Tawi la kwanza lilikuwa gumu, la pili likamkwaruza, kule chini mdogo wake anamwelekeza, kulia, kulia, siyo hapo, wewe hukuwahi kujua kupanda. Alipofika kwenye wekundu alikumbatia shina na kuhema. Hakuchuma. Kutoka pale barabara yote ilionekana, vumbi la lori likiishia kwenye kona ya mwisho, na baada ya kona hakuna kitu.

Akajikuta anaiangalia.

"Dada!" sauti ya chini ilipanda, ya mtu mzima, imekwaruza kidogo. "Unaona mtu?"

 Upepo ulikuwa unatikisa zile shanga karibu na uso wake.

"Bado," alisema.

Akachuma kimoja, akamrushia.